Uzito ukigoma kushuka, tusiwashuku wanaojitahidi

Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee wanaopunguza mwili ambao, baada ya miezi michache ya mafanikio, huona mshale wa mizani umeganda palepale, kisha huambiwa na watu wa nyumbani kwamba wanakula kwa kificho. Nami nilishuka kutoka kilo 94 hadi 83, nikakwama wiki saba, na maneno hayo yaliniuma sana. Mwili uliopungua huhitaji nishati kidogo kuliko ule wa awali, hivyo sahani iliyokuwa ikikupunguza jana leo inakutosha tu. Tena ukipoteza misuli pamoja na mafuta, mahitaji hayo hushuka zaidi.

Kuruka milo si dawa. Kilichonisaidia ni kupima kwa kijiko mafuta niliyokuwa nikiyamimina kwa kukadiria kwenye sufuria ya mchicha, maana kijiko kimoja cha chakula kina kalori zipatazo 120, pamoja na mazoezi ya misuli mara mbili kwa wiki, kama Shirika la Afya Duniani linavyowashauri watu wazima.

Nawaomba wahudumu wa kliniki zetu waeleze jambo hili siku ya kwanza ya kupima uzito, kabla watu hawajakata tamaa na kukimbilia vidonge vinavyouzwa mitaani.

Msomaji wako,
Morogoro