Skrubu 6 kwenye picha, 8 kwenye ankara

Lalamiko hili haliishi kutufikia sisi tunaowaletea hospitalini seti za skrubu na pleti (vibao vya chuma vya kuungia mfupa): picha ya eksirei inaonyesha skrubu 6 kwenye mfupa, ankara yetu imeandika 8. Mbili zimekwenda wapi? Ofisi yenu ya fedha inaona imeibiwa, na kwa kutazama picha peke yake hatuilaumu.

Jibu liko kwenye fomu ya matumizi, ile inayotakiwa kujazwa thieta palepale. Skrubu za milimita 3.5 hupishana urefu kwa milimita 2. Daktari akifunga ya 36 akaona imetokeza upande wa pili wa mfupa, huitoa na kufunga ya 34. Ile ya 36 imeshaingia mwilini. Si mpya tena. Hutupwa, na hulipiwa.

Wapo wanaoirudisha kimyakimya kwenye tundu lake katika raki ya seti. Ankara inapungua, kweli. Lakini hesi zimekwaruzika, damu imekauka ndani ya kichwa, na mvuke wa nyuzi 134 wa kuua vijidudu hauoshi uchafu, unaugandisha tu. Mgonjwa anayefuata ndiye anayefungiwa skrubu hiyo. Siku ya kuitoa, kichwa kikilika ndani ya pleti, itahitajika seti ya kutolea skrubu zilizokwama na muda wa ziada mezani. Huo haumo kwenye ankara yetu.

Mara nyingi chanzo cha skrubu ya ziada ni bisibisi. Ncha ya pembe sita ya milimita 2.5 ikishalika huteleza na kula kichwa cha skrubu. Kifaa cha kupima kina cha tundu la mfupa, ndoano yake ikipinda, nacho hudanganya urefu. Kwa hiyo kila seti ikirudi tunaijaribu ncha kwenye skrubu mpya, tunakagua ndoano, na kibovu tunakibadilisha. Hiyo ndiyo ada ya ukaguzi mnayotaka tuifute. Hatuifuti: ncha moja mbovu hula skrubu nyingi.

Kwenye fomu, iliyofungwa iandikwe kwa urefu wake, iliyotolewa iandikwe kwenye safu yake pamoja na sababu. Zilizotolewa zikae kwenye kibakuli chake, zisichanganywe na raki. Namba ya toleo (kundi la kiwandani) ya pleti iingie kwenye faili la mgonjwa. Nesi na mwakilishi wetu wahesabu pamoja na kutia saini kabla seti haijatoka thieta.

Seti ikitufikia bila fomu, tunahesabu matundu matupu, na kila tundu linaingia kwenye ankara.