Kabla hujavuka daraja la Sidi M'Cid

Zuhura mwanangu,

Nimesikia umepangiwa chuo Constantine, huko Algeria, si Algiers mji mkuu. Nilicheka peke yangu. Miaka minne niliyosoma huko, picha zangu zote nimesimama upande mmoja tu wa korongo.

Wenyeji watakuambia Qasantina. Mji umekaa juu ya jabali, na mto Rhumel umelikata jabali hilo karibu pande zote, likabaki kama kisiwa kisicho na bahari. Zamani uliitwa Cirta, makao ya wafalme wa Numidia, ufalme wa kale wa Afrika Kaskazini, akina Masinissa. Kuuteka ilikuwa kazi. Mwaka 112 kabla ya Kristo Jugurtha, aliyeutaka ufalme huo, alimzingira humo Adherbal, ndugu yake wa kulelewa naye, miezi na miezi, mpaka Adherbal akajisalimisha. Akauawa, na wafanyabiashara wa Kiitalia pamoja naye. Roma ikapata sababu ya vita. Jina la sasa ni la Kaisari Constantine, aliyeujenga upya mwaka 313.

Lakini korongo lile halikulinda tu. Oktoba 1837 Wafaransa walipouingia mji, mwaka mmoja baada ya mtawala wake, Ahmed Bey, kuwarudisha nyuma, watu walijaribu kukimbia kwa kushuka gengeni na kamba. Kamba zikakatika. Mwalimu alitusimulia haya tukiwa tumesimama palepale ukingoni, na tangu siku ile miguu yangu ikagoma.

Daraja la El Kantara lilianza na Warumi. Salah Bey, naye mtawala wa mji, alilifufua mwaka 1792, akauawa mwaka huohuo. Lenyewe likaporomoka 1857. Lililopo ni jingine. Sidi Rached, la mawe, lenye matao 27, nililipita kila siku bila shida, maana ukitazama mbele tu unajidanganya kwamba uko barabarani. Hilo ni la 1912. Mwaka huohuo likafunguliwa Sidi M'Cid, linaloning'inia kwa nyaya nene za chuma, mita 175 juu ya mto. Mpaka 1929 hapakuwa na daraja la juu kama lile duniani kote. Upepo ukipiga, unalisikia likitikisika.

Hospitali iko ng'ambo yake. Rafiki yangu alipolazwa, nilisingizia mtihani.

Ukifika, simama katikati, upigwe picha, unitumie. Ila mama yako usimwonyeshe bila kunishauri kwanza. Yeye anajua nililivuka kila Ijumaa.

Baba yako