Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kigoma: Damu isafiri, mgonjwa abaki

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,

Ugonjwa hatari wa virusi vya Marburg ulipotangazwa Biharamulo Januari 2025, sisi wa Kigoma hatukuhitaji ramani. Barabara yetu ya Kasulu, Kibondo na Kakonko inatokea Nyakanazi, na Nyakanazi ni wilaya hiyo hiyo ya Biharamulo. Mwezi Machi serikali ikatangaza kuwa mlipuko umekwisha, watu wakapumua. Nakuandikia sasa wakati tumetulia, maana ukilipuka mwingine ofisi yako haitakuwa na muda wa kusoma barua ya mtu kama mimi.

Nawasemea watu wachache sana mkoani, waliopandikizwa figo. Mdogo wangu wa kike ni mmoja wao. Alipandikizwa Dodoma kabla ya korona, na figo aliyowekewa ilitoka kwangu, kwa hiyo nina masilahi katika jambo hili na sifichi.

Wewe ni daktari, unayajua haya. Lakini barua ni ya wazi, na wapo watakaoisoma wakidhani mtu akishapewa figo amepona, basi. Dawa ni za maisha: takrolimasi kila baada ya saa 12, mikofenoleti, na kwa wengi prednisoloni. Kazi yake ni kuishusha kinga ya mwili ili isiishambulie figo ngeni. Akiziacha, figo inakataliwa. Akizitumia vizuri, ugonjwa ambao jirani anaumaliza kwa siku tatu kitandani unaweza kumuua. Mwanzoni mwa korona, mwaka 2020, madaktari wa hospitali moja ya New York waliwafuatilia wagonjwa 36 wa figo za kupandikizwa walioambukizwa. Ndani ya wiki chache 10 walikuwa wamekufa. Chanjo zilipokuja zilisaidia, ila kwa watu hawa dozi mbili mara nyingi hazikutosha kuamsha kinga, wakashauriwa kuchanja ya tatu.

Sasa tazama mgonjwa huyu alivyowekwa njia panda. Redioni anaambiwa aepuke misongamano. Kadi yake ya kliniki inamwambia aende Dodoma. Kutoka hapa ni karibu kilomita 800 za reli, kwenye behewa lililojaa, au basi usiku kucha na abiria anayekohoa kiti cha nyuma. Na anaendea nini? Mara nyingi ni kupimwa kiwango cha takrolimasi kwenye damu na kreatinini, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha figo inavyofanya kazi, kisha kuandikiwa dawa zile zile.

Kreatinini haina haja ya safari. Takrolimasi ndiyo inayohitaji mashine maalumu, lakini mashine inaitaka damu, haimtaki mwenye damu. Inachukuliwa asubuhi kabla hajameza dozi, inawekwa kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau, na ikikaa kwenye ubaridi inavumilia siku kadhaa bila kuharibika. Mkoa huu tayari unasafirisha sampuli za wenye VVU kwenda kupimwa wingi wa virusi. Kuongeza vichupa vichache kwenye boksi hilo hilo hakuhitaji gari jipya wala semina. Kunahitaji barua yako kwenda hospitali ya mkoa na nyingine kwenda kwa wenzako wa Dodoma na Muhimbili, kisha daktari wa figo anapiga simu kusema dozi ipande, ishuke au ibaki.

Hivyo hivyo kwa dawa. Mtu wa ARV aliye imara anapewa za miezi mitatu, wengine hata sita, na hakuna anayeshangaa. Kwa nini wa figo ahesabiwe vidonge vya mwezi mmoja mmoja, hata mipaka inapofungwa na ndege zinaposimama? Machi 2020 India ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa, na wapo Watanzania waliokuwa wakitegemea hospitali za huko. Naomba mzungumze na Bohari ya Dawa na Mfuko wa Bima ya Afya, akiba ya miezi mitatu iwepo mkoani kabla ya tangazo la mlipuko.

Kuna hatari nyingine ambayo naiona kubwa kuliko zote kwa sababu inakuja na nia njema. Wakati wa korona kila nyumba ilikuwa na nyungu yake na jagi la kunywa. Mama mmoja jirani alimletea mdogo wangu mchanganyiko wa malimao, tangawizi na balungi. Balungi hupandisha takrolimasi mwilini. Tulimshukuru mama, tukanywa sisi wazima. Safari nyingine hatukuwa waangalifu hivyo. Alikohoa, duka moja la dawa likampa erithromaisini, na baada ya siku chache mikono ikaanza kutetemeka na kreatinini ikapanda, kwa kuwa dawa hiyo nayo huipandisha takrolimasi. Rifampisini ya kifua kikuu inafanya kinyume, inaishusha hadi figo iwe hatarini. Na Paxlovid, iliyokuja kama mkombozi wa korona, inaweza kuifikisha takrolimasi kwenye kiwango cha sumu wasipopunguza au kusimamisha dozi kwanza. Karatasi moja ya Kiswahili, yenye dawa hizi na namba ya simu ya daktari wa zamu, ibandikwe kila zahanati na kila duka la dawa, kuanzia Kagunga mpaka Uvinza.

Kwa wanaosubiri kupandikizwa, najua mlipuko ukija hospitali husimamisha upasuaji wa wachangiaji hai kwanza, na kuna mantiki: miezi ya mwanzo baada ya upasuaji kinga inakuwa chini kabisa. Lakini anayesubiri hakai nyumbani. Anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, chumba kimoja na wenzake. Vipimo vya ndugu anayechangia viendelee, na chanjo zikamilike kabla. Hasa homa ya manjano, Ndugu Mganga Mkuu. Ni chanjo hai, yaani ina virusi hai vilivyodhoofishwa, haitolewi tena baada ya kupandikizwa, na hapa bandarini watu wanavuka kwenda Uvira na Kalemie, upande wa Kongo, kila siku.

Nipo tayari kuja ofisini kwako na kadi ya mdogo wangu, pamoja na orodha ya wenzake tunaowafahamu waliokubali majina yao yafike kwako. Siku yoyote ya kazi inanifaa, isipokuwa Jumatatu.

Wako,
Mchangiaji figo, mkazi wa Ujiji