Fomu ya kumpima mtoto isiishie kituo cha polisi

Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Lakini ile habari yenu ya juma lililopita, kuhusu fomu za kutambua mapema wanafunzi wanaoweza kuingia kwenye uhalifu, nimeshindwa kuinyamazia. Mliisifu kama dawa, na hakuna aliyeuliza fomu ikishajazwa inakwenda wapi.

Tupige hesabu. Shule ina wanafunzi 1,000, na tuseme 30 kati yao ndio watakaokuja kufanya makosa mazito. Fomu nzuri itawanasa 21. Ikikosea kwa watoto 20 tu katika kila 100 waliobaki, itawatia alama wengine 194. Orodha ina majina 215, na tisa katika kila kumi wamewekwa kimakosa. Aliyetunga fomu hana lawama. Ndivyo inavyokuwa ukitafuta jambo la nadra ndani ya umati.

Halafu tazameni maswali yenyewe. "Unaishi na wazazi wote wawili?" Hapa Pwani mtoto aliyelelewa na nyanya yake, akala na kusoma vizuri, anapata alama ya hatari. "Umewahi kulala nje ya nyumbani?" Mvulana anayelala kwa mjomba kwa sababu chumba ni kimoja na dada zake wamekua, naye ana hatari. Kipimo kinachojulikana kama SAVRY, cha kupima hatari ya kufanya ukatili kwa vijana wa miaka 12 hadi 18, kina vipengele 24 vya hatari na 6 vya kinga, na alama zake hazijumlishwi: aliyefunzwa humhoji kijana, husoma faili, huzungumza na mlezi, kisha huamua mwenyewe. Mkimpa mwalimu wa darasa ajaze tiki za watoto hamsini kwa kipindi kimoja, hamjapima kitu.

Na orodha huvuja. Katika shule moja ya huku majina 14 yalibandikwa kwenye ubao wa chumba cha walimu. Mwanafunzi aliyeleta madaftari akayasoma, na kufikia chakula cha mchana kila mmoja wao alikuwa keshapewa jina la genge. Mtoto aliyeitwa mhuni asubuhi, jioni ni nani atakayempokea isipokuwa wale vijana wa magenge wa maskani? London walifanya hivyo kwa kompyuta. Orodha ya polisi ya magenge iliyoanzishwa 2012, baada ya ghasia za 2011, iliwapanga vijana kwa rangi nyekundu, njano na kijani. Picha za orodha hiyo zikasambaa mitandaoni, mamlaka ya kulinda taarifa ikaingilia kati 2018, na 2024 orodha ikafutwa. Kaunti ya Pasco, Florida, Marekani, ofisi ya sherifu, yaani polisi wa kaunti, ilichukua alama za mitihani na mahudhurio ya wanafunzi ili kutabiri nani atakuwa mhalifu. Wazazi walikuja kujua kupitia gazeti mwaka 2020. Hata msaada wenyewe waweza kudhuru. Massachusetts, huko huko Marekani, kuanzia 1939, wavulana 506 waligawanywa, nusu wakapewa washauri na kambi za likizo kwa miaka kadhaa. Mtafiti Joan McCord alipowafuatilia miaka thelathini baadaye, waliosaidiwa walikuwa na hali mbaya zaidi kuliko wenzao walioachwa. Mnataka tuanze na majina, na huduma tutaitafuta baadaye?

Tena fomu inauliza mtoto amekosa shule siku ngapi. Nani aliyemtoa darasani? Kila muhula wanafunzi wanarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, wiki mbili, tatu, wanashinda vibarazani na stejini kwenye matatu, kisha shule hiyo hiyo inawahesabia utoro kama dalili ya uhalifu. Acheni kwanza kuwafukuza. Hilo halihitaji fomu.

Kama lazima mpime, pimeni hivi. Maswali yasizidi 12, na sita kati yao yaulize mtoto ana nini: mtu mzima anayemwamini, timu, madrasa au kanisa, somo analolipenda. Mzazi atie sahihi kwanza, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka hivyo. Iandikwe nambari ya kuandikishwa shuleni, lisiandikwe jina. Wasome watu wawili, mwalimu wa ushauri nasaha na afisa wa watoto, na huyo mwalimu apunguziwe vipindi vya kufundisha ili apate nafasi ya kuzungumza na mtoto. Chifu asipewe nakala, wala OCS, mkuu wa kituo cha polisi. Karatasi ikae kwenye kabati la kufuli na ichanwe baada ya miezi sita. Na kabla ya kuchapisha fomu ya kwanza, mtuonyeshe mlango ambao mtoto atapelekwa: nani yuko ndani, siku gani, saa ngapi.

Afisa mstaafu wa probesheni,
Kisauni, Mombasa