Salamu za Idi el-Fitri, na Neno Kuhusu Zawadi

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Kwa niaba ya familia yetu hapa Unguja, natoa mkono wa Idi kwa wazee, ndugu, majirani na marafiki popote mlipo, kuanzia Pemba, Tanga na Mombasa hadi Maskati. Idi Mubarak. Mwenyezi Mungu azitakabali funga zetu, visimamo vyetu na sadaka zetu, awape shifaa wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia, na atujaalie kuifikia Ramadhani nyingine tukiwa wazima wa afya na imani.

Mwaka haukuwa mwepesi. Mchele, sukari na mafuta vimepanda, na wapo waliotoa pishi zao za fitri kwa kujinyima, kama wapo waliomshonea mtoto mmoja nguo mpya na kumwomba mwenzake astahimili. Pamoja na dhiki hiyo, siku za kumi la mwisho nilimsikia mzazi dukani akiulizia simu ya bei nafuu kwa mtoto wa miaka tisa, kwa sababu mtoto amekwisha kusema kwamba sikukuu hii hataki kitu kingine. Mzazi yule alikuwa anahesabu noti za mwisho alizonazo, na jambo hilo limenikaa moyoni.

Sisi tumeingia Idi hii bila ya Baba, aliyetutoka mwezi wa Rajabu. Idi ya mwaka jana, baada ya Alasiri, alilitoa bao lake barazani, akatia kete 6 katika nyumba, lile shimo kuu la upande wake, na mbili mbili kwenye mashimo mawili yaliyofuata, akapanga vivyo hivyo upande wa pili, akazishika 22 zake mkononi, akaningoja. Nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka kwake, nikijibu salamu za Idi kwenye simu, na kila aliponitazama nilisema, "Nakuja, Baba." Kila salamu niliyoijibu ilileta nyingine. Ilipoadhiniwa Magharibi alizikusanya kete zote 64, akazirudisha katika kifuko chake cha kaniki. Hakunilaumu, aliniuliza tu kama wote walionisalimia ni wazima. Katika salamu zile leo sikumbuki hata moja.

Ndiyo maana nawaomba, ndugu zangu, tunapotoa zawadi katika siku hizi tufikirie zile zinazomkalisha mtu na mwenzake. Bao lenye mashimo 32 na kete za komwe hudumu miaka mingi, na mtoto anayejifunza kwa babu yake kunamua, yaani kuziingiza baoni kete za mkononi, hujifunza kuhesabu, kusubiri, na kukubali kufungwa mkononi, yaani kushindwa kete za mkononi hazijakwisha, bila ya kununa. Kijana anaweza kupewa kofia iliyokwisha kuchorwa, pamoja na uzi na sindano, kisha akaelekezwa kwa anayejua kushona, kwani kofia ya mkono ina vitundu vingi vya kuzungushiwa uzi kimoja kimoja na kazi yake ni ya miezi. Doti ya kanga nayo ni zawadi njema, ikiwa mnunuzi atasimama alisome jina, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, kabla ya kulipa. Mama bado yumo edani, na kilichomfurahisha zaidi ni mzigo wa ukindu aliopelekewa na shangazi, kwa sababu kila mwanamke anayeingia kumtazama huchukua ukindu wake, akakaa, wakasuka ukili, ule mkanda wa kushonea mikeka, pamoja huku wakizungumza. Wapo waliotuma rambirambi ndefu kwenye simu, Mungu awalipe, lakini waliokuja kusuka ndio anaowataja.

Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuhimiza kupeana zawadi ili tupendane. Basi tujiulize ni mapenzi gani yanayoongezeka ndani ya nyumba iwapo tumekusanyika kumi kwenye mkeka mmoja na kila mmoja amekiinamia kioo chake. Tumefunga siku zote hizi tukaweza kuuzuia mkono usifikie maji tuliyoyaweka sisi wenyewe. Hatushindwi kuuzuia usifikie simu kwa alasiri moja. Wazazi tuanze sisi, maana mtoto huiga anachokiona. Tuwapeleke wenyewe viwanja vya Mnazi Mmoja jioni, tuwashike mikono, tuwasikilize. Tuunge jamaa kwa miguu yetu, tuingie nyumba za wagonjwa na za wajane, na tuwahi kuwakalia wazee wetu wangali wanatungoja.

Nawatakia nyote Idi yenye kheri na baraka, na mlionidai radhi naomba mnisamehe. Nikishaituma salamu hii nitaizima simu mpaka baada ya Isha, hivyo asiyepata jibu asidhani nimempuuza. Bao la Baba liko barazani tangu asubuhi, na upande mmoja hauna mtu. Ami zangu na vijana wa mtaa, karibuni.