Daftari Lililonisuta

Mwanangu mpendwa,

Juzi nilikuwa nikipanga kabati nikakuta daftari langu la mwaka ule ulioanza shule. Nikakaa sakafuni kulisoma, na kabati likalala vile vile hadi usiku.

Unakijua kisa ninachopenda kukisimulia, kwamba siku yako ya kwanza uliingia darasani ukicheka, hukugeuka nyuma, na mimi ndiye niliyebaki mlangoni nikilia. Nimekisimulia mbele ya wageni na mbele ya shangazi zako, hata wewe mwenyewe umekizoea. Sasa sikiliza nilichoandika usiku wa siku ile ile, kwa mwandiko wangu: "Amelia sana. Amening'ang'ania gauni. Nimemkaripia, nikamtoa vidole kimoja kimoja, nikaondoka haraka. Njiani nimejisikia mwepesi, kisha nikauonea aibu wepesi huo."

Sikukudanganya kusudi, mwanangu. Niliamini kila neno. Mwaka baada ya mwaka akili ilikuwa ikinitakasa kidogo kidogo, hadi nikatoka mama mwema kuliko nilivyokuwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kumbe na siku nazo ni hivyo hivyo, ila hizi zikipotea huacha nyingine mahali pake, nasi hatushtuki.

Haya hayakunipata mimi peke yangu. Chombo cha anga cha Challenger kilipolipuka Januari 1986, mwanasaikolojia Ulric Neisser aliwapa wanafunzi wake wa chuo kikuu huko Marekani karatasi kesho yake asubuhi, waandike walikuwa wapi na walipataje habari ile. Karibu miaka mitatu baadaye akawauliza tena. Wengi walitoa masimulizi mengine kabisa, tena kwa uhakika mkubwa, na hata walipoonyeshwa mwandiko wao wenyewe ile kumbukumbu ya kwanza haikurudi. Mwanasayansi Charles Darwin naye aliijua hila hii ya akili. Kila alipokutana na jambo linalopinga nadharia zake aliliandika papo hapo, maana alikuwa amegundua kwamba mambo ya namna hiyo hutoroka akilini upesi kuliko yale yanayompendeza.

Ndiyo maana nakutumia daftari hili jipya unapoanza maisha ya peke yako. Andika hasa siku ambazo hukupendeza. Ukigombana na mtu, andika na maneno yako uliyomwambia, si yake tu.

Utasikia pia kwamba kuandika huponya. Kuna ukweli ndani yake. Mwaka huo huo wa 1986, watafiti wa saikolojia James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha utafiti wao: wanafunzi waliandika kwa dakika 15 kila siku, siku nne mfululizo. Walioandika jambo lililowaumiza, pamoja na walivyolihisi, walikwenda kliniki ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata kuliko walioandika mambo ya juujuu. Lakini mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi, si nafuu. Kwa hiyo usishangae siku ukifunga daftari na kifua kimekubana. Ninachoweza kuongeza ni cha kwangu mwenyewe. Bibi yako alipofariki niliandika lalamiko moja kwa miezi miwili, karibu kwa maneno yale yale, na halikunisaidia kitu. Nilianza kupumua siku nilipojiuliza, kwenye karatasi, nilikuwa nimemkasirikia nani. Ukijikuta unazunguka pale pale, weka kalamu chini ukazungumze na mtu.

Mengine ni madogo. Weka tarehe kila mara, utakuja kunishukuru. Ukiruka wiki nzima usianze kulipa deni, endelea na leo. Usitafute maneno mazuri. Kurasa zangu zilizoandikwa vizuri ndizo zisizonisaidia sasa, maana naona wazi nilikuwa nikimwandikia mtu wa kunisifu. Simu inafaa pia kama ndiyo uliyo nayo mkononi, ingawa mimi siiamini. Na daftari lifiche. Samuel Pepys, Mwingereza aliyeandika shajara karibu miaka kumi kuanzia 1660, alitumia hati mkato, yaani alama fupi za kuandikia haraka, ili asisomwe ovyo. Wewe droo yenye ufunguo inatosha.

Nilitaka kuandika jina lako kwenye ukurasa wa kwanza, nikasita, nikauacha tupu. Kama siku moja utaandika kuhusu asubuhi ile ya shule, iandike unavyoikumbuka wewe. Sitakuuliza. Ila vidole vyako vilikuwa na nguvu, hilo nalo limo daftarini mwangu.

Mama yako