Mwanangu, pikipiki siiuzi

Binti yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Sisi huku Tanga hatujambo, alhamdulillahi, na bega langu linaendelea vizuri. Juzi umeniuliza tena kama pikipiki imeshapata mteja. Haijapata kwa sababu sijaitangaza, na siiuzi. Naandika kwa kuwa kila tukifika hapo kwenye simu wewe unalia, mimi nanyamaza, halafu tunaishia kuulizana habari za wajukuu. Isome barua yote kwanza. Ukimaliza, kama bado unataka kugombana na mama yako, nipigie.

Habari za ajali umezipata kwa watu wengi na kila mmoja kaongeza lake. Sikutumbukia korongoni wala sikugongana na lori la magogo. Nilikuwa natoka shambani kwangu Amani, kule milimani, nashuka kuelekea Sigi, gia ya pili, baada ya adhuhuri. Kule Amani kunanyesha karibu milimita 1,900 kwa mwaka, na ule udongo mwekundu una mfinyanzi mwingi. Mvua ikipiga usiku, jua la asubuhi hukausha ngozi ya juu tu. Ukitazama unaona njia kavu, kumbe chini yake ni utelezi mtupu. Maji yalikuwa yamechimba mfereji mwembamba katikati ya njia, tairi la mbele likazama humo, usukani ukagoma kugeuka, nikaenda chini kwa ubavu wa kushoto na pikipiki ikanilalia mguu. Hata Yaa Rabi sikuwahi kuimaliza.

Mkono wa kulia ulikuwa mzima, nikazima injini, maana petroli ilishaanza kuchuruzika. Simu ilikuwa kwenye mkoba, na mkoba ulichomoka kwenye siti ukabingirika mteremkoni, nikawa nauona lakini siufikii. Nilikaa pale nikimtaja Mungu na kujaribu kuvuta pumzi mpaka wakapita akina mama waliotoka kuchuma iliki. Wao ndio walioninyanyulia pikipiki. Wakakata miti miwili, wakafunga khanga zao, wakatengeneza machela, wakanibeba kupokezana hadi barabarani. Ukija nitakupeleka ukawashukuru mwenyewe, uende na kitu mkononi.

Kijana mmoja pale alitaka kunivua helmeti, nikakataa. Shingo ikiwa imeumia, kuivuta helmeti kunaweza kumharibu mtu uti wa mgongo. Aliyeanguka huachiwa helmeti yake mpaka afike kwa wanaojua, isipokuwa kama hapumui. Mwambie na mumeo, maana yeye anapanda bodaboda kila siku.

Sasa nikueleze mwili wangu, kwa sababu nadhani unalia kwa usichokijua. Hospitali ya Bombo walipiga picha wakaona mtulinga wa kushoto, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, umevunjika katikati na mbavu mbili zimepata nyufa. Watu wakija kunitazama wanatafuta hogo, ile plasta ngumu, liko wapi. Mtulinga haufungwi hogo. Mkono unaning'inizwa shingoni kwa kitambaa, mfupa unaachwa ushikane wenyewe. Mbavu nazo hazifungwi chochote. Shangazi yako alitaka kunikaza kifua kwa khanga kama mwanamke aliyejifungua, nikamsihi asinifunge, kwa sababu mbavu zikibanwa mtu anapumua juu juu, makohozi yanabaki ndani, na hapo ndipo kichomi kinapomkuta mtu wa umri wangu akiwa kitandani. Kazi yangu ilikuwa kuvuta pumzi ndefu kila baada ya muda, nimekumbatia mto, na kukohoa kwa makusudi. Inauma, sikufichi. Kupiga chafya ndiyo kulikuwa adhabu kubwa.

Mfupa wa namna hii kwa mtu mzima huchukua wiki 6 hadi 12 kushikana, na daktari akaniambia nisijihesabie upande wa 6. Akanieleza kitu ambacho nataka na wewe ukijue mapema: mwanamke akishakoma hedhi, homoni ya estrojeni inashuka, na mifupa inapungua ujazo haraka kuliko ya mwanamume wa umri uleule. Kwa hiyo sasa nakula dagaa na mifupa yake, maziwa, mayai, na asubuhi nakaa uani jua linipate mikononi. Na wewe anza sasa, usingoje ufike nilipo. Zile dawa za maumivu, diklofenaki, ulizonitumia kwa basi sikuzimeza. Nina presha, na dawa za kundi lile huipandisha na kuzielemea figo za mtu mzee. Usinune.

Kuhusu kichwa, ndipo ulipotishwa zaidi. Helmeti ilipata ufa upande wa sikio, kichwa hakikuvunjika. Lakini kwa wazee damu inaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu na dalili zikaja wiki kadhaa baadaye, kwa hiyo waliniandikia mambo ya kuangalia: kichwa kinachozidi kuuma badala ya kupungua, kutapika, kusinzia kusiko kwa kawaida, kuchanganya maneno, upande mmoja wa mwili kulegea. Ndiyo maana shangazi yako alilala chumbani kwangu na kuniamsha usiku kuniuliza jina langu. Haikuwa kwa sababu nakata roho, kama ulivyoambiwa.

Mhazigi naye alikuja kunitazama, mzee wa watu, ameunga mifupa ya nusu ya mtaa huu. Namheshimu. Nilimweleza kwamba chini ya mtulinga inapita mishipa mikubwa ya damu na mishipa ya fahamu ya mkono mzima, na mfupa uliovunjika una ncha, sasa kuchua pale ni hatari. Alinisikiliza, akanywa chai, akaniombea dua, akaondoka bila kinyongo.

Kuvalishwa nguo kuliniuma kuliko mfupa wenyewe. Mwanamke ambaye kamlea mwenyewe mtoto wake tangu baba yake afariki, leo anashindwa kufunga khanga, anashindwa kusuka nywele, anasaidiwa kutia udhu. Kulala ilikuwa kukaa, mito mgongoni, kwa sababu nikijinyoosha mbavu zinapiga kelele. Usiku huo mrefu ndio nilikuwa nawaza maneno yako ya kuhamia Dar es Salaam. Nilikuwa karibu kukubali. Lakini uamuzi wa mtu asiyeweza kufunga khanga yake si wa kuuamini, nikauacha mpaka mkono urudi.

Mkono unarudi. Wazee tukilala, misuli inakwisha upesi na kurudi ni kazi, kwa hiyo mara tu waliponiruhusu nilianza kutembea, kwanza huku kwetu Ngamiani kwenye barabara zetu za namba, halafu mpaka Raskazone alfajiri wakati hakuna jua. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinifundisha kuinama na kuuacha mkono ubembee, kisha kupanda ukuta kwa vidole. Ukuta wa jikoni una alama za mkaa: kila nilipofika naweka mstari, na ya juu kabisa sasa iko sawa na rafu ya sufuria. Nyingine nimeibuni mwenyewe. Naminya khanga iliyoviringishwa mkono wa kushoto, kwa sababu huo ndio mkono wa klachi.

Hapo najua umekunja uso.

Kila anayekuja kunipa pole ananiambia, mama, kwa umri huo pikipiki ya nini? Mzee wa nyumba ya tatu alianguka kutoka kwenye mnazi, ni mkubwa kuliko mimi, na sikusikia mtu akimwambia auze minazi. Walimpa pole, wakamuuliza lini atapona, akapona, akapanda. Mimi naulizwa lini nitaacha. Hili linaniumiza kutoka kwa majirani, na kutoka kwako linaniumiza zaidi.

Ulikuwa shule ya msingi serikali iliponikabidhi pikipiki ya kwanza, ya kazi yangu ya ubibi shamba. Walipokuwa wanatugawia, bwana mmoja alisema hiyo ya yule mama itaozea bandani. Nilifika nayo Maramba, nikafika Kisiwani, nikafika vijiji ambavyo gari lilikuwa linapita siku ya gulio tu, nimefunga miche ya mdalasini na pilipili manga nyuma ya siti. Wanawake wa kule walikuwa hawahudhurii mkutano wa bwana shamba, lakini kwa mwanamke mwenzao walikuja, na maswali waliyoyaficha miaka mingi waliyatoa. Nilipostaafu nikanunua pikipiki yangu mwenyewe, hii XL, na nikapanda pilipili manga yangu mwenyewe. Ada yako ya chuo ilitoka kwenye zile kamba za pilipili, unajua. Na ninapopanda kule peke yangu, baridi inaanza kuniingia kwenye mikono ya koti, nasikia injini na ndege basi, hakuna anayeniita, mwanangu, hayo ni maisha yangu. Sina mengine ya kuweka mahali pake.

Hofu ninayo. Nilipofungua banda mara ya kwanza baada ya ajali, nikauona usukani uliopinda na matope makavu, mikono ilitetemeka nikarudi ndani. Hata sasa bodaboda ikifunga breki barabarani moyo unaruka. Siikimbii hofu hiyo, wala sitaipuuza. Nimeiwekea utaratibu.

Sitapanda mpaka picha ionyeshe mfupa umeshikana na daktari atamke. Sitapanda mpaka niweze kuuzungusha usukani kulia na kushoto hadi mwisho bila maumivu, na mpaka niweze kuiinua pikipiki iliyolala. Ina zaidi ya kilo 100, lakini haiinuliwi kwa mikono: unaipa mgongo, unachuchumaa, unashika usukani na chuma cha nyuma, unasukuma kwa miguu hatua fupi fupi. Nitaifanya kwanza na fundi akiwa pembeni. Nitaanzia njia za mashamba ya mkonge huku tambarare, kavu, mwendo wa kupasha misuli. Amani naiacha mpaka masika ipite kabisa, na hata baada ya hapo mvua ikinyesha usiku nalala shambani nangoja njia ikauke mpaka chini. Simu itakaa mwilini mwangu, kwenye mfuko wenye zipu, pamoja na filimbi, kwa sababu kuna mabonde kule mtandao haushiki na sauti ya mtu mwenye mbavu mbovu haifiki mbali. Nimeshaongea na wale akina mama wa iliki: nikipita nawaambia nashuka lini, na nikifika lami nawapigia. Wewe nitakupigia kabla ya kuondoka na baada ya kufika. Ukiona saa imepita, una namba zao. Ni hapa nakuhitaji, uwe mtu anayejua niko wapi.

Usukani fundi ameshaunyoosha, ila mimi nimemwambia autupe aweke mpya, chuma kilichopinda kikanyooshwa sikiamini njia ya milimani. Viatu virefu vya kukinga vifundo nimepata mitumbani, vizima.

Kilichobaki ni helmeti. Ya zamani imeshapata pigo, haifai tena hata kama ufa ni mdogo, povu la ndani likishabonyea halirudi. Huku zinazouzwa nyingi ni nyepesi, za kuwaonyesha trafiki. Naomba upite Kariakoo unitafutie inayofunika na kidevu, yenye povu gumu ndani, si sponji tupu. Nimejipima kwa futi ya fundi cherehani juu ya nyusi: sentimita 56. Mwambie muuzaji ibane mashavuni, na ukiivaa wewe ukatikisa kichwa isicheze, vichwa vyetu vinalingana. Rangi yoyote isipokuwa nyeusi, nataka nionekane kwenye vumbi. Ukishajua bei nijulishe, nitakurushia kwenye simu siku hiyohiyo. Usiipeleke kwenye basi, ije na wewe mwenyewe na watoto shule zikifungwa.

Msalimie mumeo, na wabusu wajukuu zangu.

Mama yako